Nani aliiandika injini ya pikipiki yangu?

Naam, nimerudi. Wale mlioniuliza kama ninaumwa, la, ni mzima kabisa. Kimya changu cha wiki tatu kimetokana na injini ya pikipiki iliyokuwa imetandazwa vipande vipande juu ya magazeti ukumbini kwangu hapa Shanzu, na mikono yenye oili haifai kugusa kibodi. Mke wangu amevumilia vya kutosha. Jana usiku vipande vimehamia chini ya meza ya kompyuta, na mimi nimepata nafasi ya kuandika.

Leo sitazungumzia programu. (Mtaona wenyewe kwamba siwezi kuzikwepa, lakini nia yangu ni njema.) Leo nataka kuwasimulia historia ya pikipiki hiyo, imetoka wapi na kwa nini bado i hai.

Chanzo ni mpwa wangu. Alikuja Ijumaa moja baada ya swala, akaketi barazani, akazunguka zunguka na habari za mpira, halafu akasema: "Mjomba, nataka rai yako. Steji nzima sasa yazungumza pikipiki za umeme. Hii ya kwako naona tuiuze."

"Tuiuze kwa nani?"

"Kuna bwana wa vyuma chakavu, atoa elfu tisa."

Elfu tisa! Niliinunua mwaka 2009 ikiwa mpya, na karatasi za nailoni bado ziko kwenye kiti, kwa shilingi 72,000. Ni pikipiki ya Kichina ya 125cc. Chapa yake siitaji, kwa sababu mtaona kwamba jina lililobandikwa kwenye tangi ndilo kitu chenye maana ndogo kuliko vyote katika hadithi hii. Nikamwambia kijana aniachie siku chache niifungue injini nitazame hali yake, kisha tuamue. Hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilikuwa na swali langu mwenyewe. Kompyuta niliyoinunua mwaka huo huo wa 2009 ilikufa zamani, na simu niliyokuwa nayo siikumbuki hata rangi. Pikipiki hii, iliyochekwa na kila mtu siku nilipoileta nyumbani ("ya Mchina hiyo, miezi sita!"), imefanya kazi zaidi ya miaka 15 katika hewa ya chumvi na vumbi la matumbawe. Kwa nini?

Basi nikaanza pale mwandika programu yeyote angeanzia, kwenye jina. Ubavuni mwa injini pamegongwa herufi na tarakimu: 156FMI. Kwa miaka mingi nilidhani ni namba tu ya kiwandani, kumbe ni sentensi kamili. Ile 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda. 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. F yasema injini inapozwa na upepo, na inatoka kwenye neno la Kichina la upepo, feng. M ni pikipiki. I ni daraja la ukubwa, yaani 125cc. Ukikutana na 162FMJ, hiyo ni silinda moja, kipenyo cha milimita 62, inapozwa na upepo, pikipiki, 150cc. Herufi G ni 100, H ni 110, L ni 200. Nenda steji yoyote ukainame utazame, utaweza kusoma.

Kipenyo chenyewe hasa ni milimita 56.5. Wamekata desimali. Sisi wa programu tunamjua mdudu huyo.

Sasa chukua kikokotoo. Kipenyo 56.5, pistoni ikisafiri milimita 49.5, utapata ujazo wa sentimita za ujazo 124 na kidogo. Vipimo hivyo viwili, 56.5 kwa 49.5, havikubuniwa China. Ni vipimo vya Honda CG125, pikipiki iliyotoka Japani mwaka 1976. Na hapa ndipo hadithi inaponoga.

Kabla ya hapo Honda walikuwa na CB125, injini nzuri ya kisasa kwa wakati wake, yenye kamshafti juu kwenye kichwa cha silinda. Kamshafti, kwa asiyejua, ni ule mhimili unaozunguka na kufungua valvu. Kuiweka juu ni ufundi mzuri, injini inakuwa nyepesi kuzunguka kwa kasi. Lakini kule juu inahitaji oili safi ifike kila wakati. Honda walipotazama pikipiki zao zinavyotumika katika nchi maskini, waliona jambo ambalo mtu yeyote wa Kisauni angewaambia bure. Watu hawabadilishi oili. Wanapakia mara mbili ya uzito ulioandikwa, wanapita kwenye vumbi, kichujio cha hewa hakiguswi, cheni haitiwi grisi, na pikipiki inaendeshwa hadi isimame.

Kampuni nyingine ingechapisha kijitabu cha kuwafundisha watu adabu. Honda walibadilisha injini. Walirudi nyuma kwa makusudi, wakachukua mpango wa kizamani. Kamshafti ikashushwa chini karibu na mhimili mkuu, mahali ambapo oili ipo hata ikiwa chafu na kidogo, ikazungushwa na gia badala ya mnyororo, na valvu za juu zikafunguliwa kwa fimbo mbili ndefu nyembamba. Nimeishika mkononi hiyo kamshafti wiki hii. Ina nundu moja tu! Injini ya kawaida ya valvu mbili huwa na nundu mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa. Hapa nundu moja inafanya kazi zote mbili, inasukuma huku kisha inasukuma kule. Nilikaa nayo kimya kama mtu anayesoma msimbo mfupi wa mtu mwenye akili kuliko yeye. Sehemu isiyokuwepo haiharibiki.

Cheni nayo ikafungwa ndani ya kasha ili vumbi lisiingie. CG125 ikawa pikipiki ya kwanza kutoka kiwanda cha Honda kilichofunguliwa Manaus, Brazil, mwaka huo huo wa 1976, na kule aliyeitangaza alikuwa Pelé. Pakistan wanaiunda hata leo ikiwa na fimbo zake zile zile. Kwa maneno mengine, mtu aliyeiandika injini ya pikipiki yangu alikaa Japani nusu karne iliyopita akamfikiria mtu mvivu, mwenye haraka, asiye na pesa, anayeishi mbali na gereji. Alinifikiria mimi.

Lakini Honda hawakuniuzia. Bei yao haikuwa ya mtu kama mimi. Kati ya Japani na Shanzu kuna kituo kimoja, nacho ni mji wa Chongqing.

Chongqing ni mji wa bara, mbali na bahari, na serikali ya China ilikuwa imeweka huko viwanda vingi vya silaha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda hivyo vikaambiwa vitafute kazi ya kiraia. Kimoja, Jialing, kikaanza kuunda pikipiki ndogo mwaka 1979, kisha kikapata ushirikiano na Honda. Kingine, Jianshe, kikaenda na Yamaha. Ujuzi ukaingia kwa mlango wa mbele, kwa leseni na mikataba. Ukatoka kwa mlango wa nyuma. Waliokuwa wakiwauzia viwanda hivyo pistoni, gia na kabureta waligundua kwamba hakuna anayewazuia kumwuzia mtu mwingine.

Mwaka 1992 mzee mmoja wa miaka 54, Yin Mingshan, aliyekuwa amepoteza miaka mingi kifungoni kwa sababu za kisiasa na baadaye akauza vitabu, alianzisha karakana ya watu tisa mjini humo. Siri yake ilikuwa rahisi. Vipande vyote vya injini vilikuwa vinauzwa madukani kama spea, na ukivinunua kimoja kimoja ukaviunga, gharama inakuwa chini ya bei ya injini nzima. Karakana hiyo ikawa Lifan. Zongshen, Loncin na wengine wakapita njia hiyo hiyo. Mwaka 1993 China iliipita Japani kwa idadi ya pikipiki zinazoundwa.

Watafiti walioichunguza biashara ya Chongqing wanaeleza jambo lililonivutia kuliko yote. Kampuni ya kuunga pikipiki haikumpa mtengenezaji wa spea michoro kamili. Ilimpa mipaka tu, uzito usizidi kiasi fulani, matundu ya boliti yawe hapa, mhimili uingie pale. Ndani ya mipaka hiyo, fanya unavyojua. Watengenezaji walikutana kwenye mikahawa ya chai wakaelewana wenyewe kwa wenyewe kipande cha huyu kitakavyokaa kwenye kipande cha yule. CG125 ikawa kipimo cha wote bila mtu yeyote kutangaza. Silinda ya kiwanda kimoja inaingia kwenye injini ya kiwanda cha pili, na klachi ya kiwanda cha tatu.

Wenzangu wa kompyuta tayari wanatabasamu. Hii ni kompyuta ya IBM tena! IBM walitoa PC mwaka 1981, Compaq wakaiiga, na baada ya miaka michache haikuwa na maana tena ni nani aliyebuni, kila kadi iliingia kwenye kila mashine. Lakini tusidanganyane kwa kulinganisha kupita kiasi. Compaq waliandika upya ile BIOS bila kuutazama msimbo wa IBM, ili wasishtakiwe. Chongqing walichukua injini wakaipima kwa rula. Wala siwezi kuiita programu huria, maana programu huria mwenyewe anakupa kwa hiari na kwa leseni iliyoandikwa. Honda hawakumpa mtu. Kiliibiwa, tuseme wazi. Na kilichoibiwa kilipofika mikononi mwa maelfu ya watu kikafanya kazi ambayo mwenyewe hakuweza kuifanya, nalo hilo ni kweli pia. Honda wenyewe waliliona. Mwaka 2001 waliingia ubia na kampuni ya Kichina iliyokuwa ikiwaiga. Na huko Vietnam, baada ya pikipiki za Kichina kumwagika sokoni, walitoa mwaka 2002 Wave Alpha ya bei nafuu ili kurudisha wateja.

Chuma nacho. Siwezi kuacha kusema. Nakala za mwanzo zilikuwa na chuma laini, rimu zinapinda, breki za kusikitisha. Vicheko vya majirani zangu mwaka 2009 vilikuwa na sababu.

Turudi nyumbani. Kabla ya pikipiki neno boda lilikuwa la baiskeli. Lilizaliwa miaka ya 1960 mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia na Malaba, vijana wakivusha watu kwa baiskeli kutoka upande mmoja hadi wa pili. Hapa pwani tulikuwa na mikokoteni na baiskeli za maji. Pikipiki ilikuwa kitu cha bwana shamba, padri na askari. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki zenye injini chini ya 250cc. Pikipiki zilizosajiliwa nchini mwaka 2005 hazikufika 5,000. Mwaka 2011 zilipita 140,000. Makasha yote yalipita Kilindini, na ukitaka ushahidi tembea Utange na Majaoni utazame mabanda ya kuku na milango ya uani iliyotengenezwa kwa fremu za vyuma za makasha ya pikipiki.

Watu wa Nairobi huieleza historia hii kwa kodi tu. Shanzu kuna jambo la pili, nalo ni hoteli. Mtaa huu uliishi kwa hoteli za ufukweni. Novemba 2002 hoteli ya Paradise ililipuliwa kule Kikambala, ng'ambo ya daraja la Mtwapa, na watalii wakapungua. Wakarudi taratibu, halafu zikaja ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mwanzoni mwa 2008 vitanda vikabaki vitupu. Mei 2014 Uingereza ikawaonya raia wake na mamia ya watalii wakaondolewa Mombasa kwa ndege kabla ya siku zao kwisha. Mwaka 2020 korona. Kila mara watu waliachishwa kazi, na kila mara steji ikaongezeka pikipiki. Sisemi nimehesabu. Nasema nimeishi hapa nikaona mpishi, mlinzi na mfua nguo wa hoteli wakigeuka madereva mbele ya macho yangu.

Mpwa wangu alikuwa mfua nguo. Mei 2014 aliambiwa asije Jumatatu. Pikipiki yangu ilikuwa imeegeshwa, kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya kufanyia nyumbani, nikampa ufunguo. Matatu hupita barabara kuu ya Malindi na hapo inaishia huruma yake. Kutoka barabarani hadi ndani Utange au Majaoni ni kilomita za njia ya mawe na mchanga, na mvua ya masika ikinyesha ni madimbwi. Pengo hilo ndilo pikipiki iliyoliziba. Ameoa kwa pengo hilo, na watoto wawili wanasoma kwa pengo hilo.

Lakini pikipiki anayoiendesha si ile iliyotoka dukani, na hapa nimfikie fundi. Gereji yake ni mwembe mmoja, turubai, na sanduku la spana. Mimi ananiita Bwana Kompyuta. Mwaka 2009 alikuwa hajawahi kuiona pikipiki ya chapa yangu. Aliizunguka mara moja, akainama, akasema, "Hii CG," akaanza kazi. Hakuhitaji kijitabu. Kijitabu changu chenyewe kilikuwa cha Kichina na Kiingereza kibovu. Alikuwa ameshajifunza injini hiyo kwenye pikipiki nyingine tano zenye majina mengine matano.

Tuliyoyafanya chini ya mwembe ule ni mengi. La kwanza lilikuwa sproketi. Dukani ilikuja na meno 15 mbele na 42 nyuma, uwiano wa 2.8. Tukatoa ya mbele tukaweka ya meno 14, uwiano ukawa 3.0. Nguvu ya kuvuta iliongezeka kama asilimia 7 na mwendo wa juu ukapungua kiasi hicho hicho, na kwa njia za Utange hiyo ni biashara nzuri. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko chakula cha mchana mjini. Shokomzoba za nyuma tukabadilisha tukaweka za pikipiki kubwa zaidi, kwa sababu za kwanza zililia kila tuta. Kiti kikashonwa upya kirefu na kinene. Vikaja vyuma vya kulinda miguu, kisha mwavuli ule mrefu wa boda ambao kwenye upepo wa kusi hugeuka tanga la jahazi (jaribu kuvuka daraja la Nyali nao ndipo utakaponielewa). Kabureta ilipokufa kwa kutu ya chumvi tukanunua nyingine isiyo na jina lolote, ikaingia. Klachi ya pili ina nembo ya kiwanda kingine kabisa. Ikaingia.

Kisha fundi akanitia tamaa ya kuifanya 150. Tazama vipimo, injini ya 162FMJ ya jamii hii ina pistoni ya milimita 62 lakini safari yake ni ile ile 49.5. Kwa hiyo mhimili mkuu haubadiliki. Unahitaji silinda, pistoni, kichwa, na mtu mwenye mashine ya kukereza aupanue mdomo wa kasha la injini ili silinda nene ikae. Yaani tawi jipya la msimbo ule ule, mstari mmoja umebadilishwa! Niliukataa mpango huo, si kwa busara bali kwa kukosa pesa. Leo nashukuru, kwa maana breki zingebaki zile zile za 125.

Nisije nikawafanya mfikiri kwamba kila tulichogeuza kilikuwa kizuri. Mwaka 2012 nilitaka keria kubwa. Mchomeleaji akaniongezea chuma nyuma, kama sentimita 30 kupita pale keria ya kwanza ilipoishia. Nikapakia mifuko mitatu ya saruji Mtwapa, kilo 150, nikarudi nyumbani nikijiona mjanja wa nauli. Kwenye tuta la kwanza nilihisi usukani umekuwa mwepesi, mwepesi kwa namna isiyo ya kawaida. Gurudumu la mbele lilikuwa hewani. Uzito wote ulikaa nyuma ya mhimili wa gurudumu la nyuma, na pikipiki ikawa pembea ya watoto, mimi nikiwa upande ulioinuka. Nilivunjika mtulinga. Mifuko ilipasuka, na mvua ikanyesha juu yake. Aliyeiunda pikipiki ile alikuwa ameweka keria fupi kwa sababu, na sababu hiyo haikuandikwa popote. Wenye programu mnaijua hali hii, unakuta mstari usioelewa kazi yake, unaufuta, na siku ya tatu mtambo unaanguka.

Na wodi za mifupa za mkoa huu zimejaa watu ambao hawakuwa na bahati yangu. Wengi hawakubadilisha kitu chochote. Walipakia abiria watatu pale sheria inaporuhusu mmoja, bila kofia ngumu, usiku, na taa zimekufa. Uwazi wa mashine ulitupa pia uhuru wa kung'oa kila kilichotuudhi, kioo cha pembeni, kasha la cheni, matumbo ya ekzosi. Lile kasha la cheni la Honda, lililofikiriwa vizuri hivyo, sijui kama liko hata moja steji yetu.

Miaka ikaenda. Katika muongo wa 2010 Boxer za Bajaj kutoka India zikawashinda Wachina kwa uimara, na leo ndizo nyingi utakazoziona. Mwaka 2015 sheria mpya ya ushuru wa bidhaa iliweka shilingi 10,000 juu ya kila pikipiki. Mikopo ikaja, na pamoja nayo vidude vya setilaiti vilivyofichwa chini ya kiti ili mkopeshaji ajue ulipo. Septemba 2023 bei ya petroli ilipita shilingi 200 kwa lita, na mwezi huo huo rais alikuja hapa Mombasa kuzindua mpango wa pikipiki za umeme. Ndipo tulipo na mpwa wangu.

Nilikwenda naye kuitazama moja, sitasema ya nani. Ni mashine nzuri. Haina klachi, haina oili, haina kabureta ya kuota kutu, na imetulia kama paka. Unalipia pikipiki, betri inabaki mali ya kampuni, ikiisha unaibadilisha kituoni kwa dakika chache. Mimi kwa mazoea yangu mabaya niliinama kutafuta namba. Kidhibiti cha mota ni sanduku lililofungwa kwa gundi, lina waya mnene na plagi ndogo ya data. Nikamuuliza kijana wa mauzo programu iliyomo ndani inasomeka? Mtu akitaka kubadilisha mvutano kwa ajili ya njia zetu? Alinitazama kwa upole, kama mtu anayetazama mzee aliyeuliza kengele ya baiskeli iko wapi.

"Hiyo huwa tunaifanya sisi kutoka ofisini," akasema.

Usiku huo tuliketi na kalamu. Kijana anatumia petroli ya karibu lita tatu kwa siku. Kubadilisha betri kwa mwendo ule ule kunamgharimu pungufu, na pungufu hiyo kwa mwezi ni karo. Nilimweleza habari za Manaus, na mikahawa ya chai ya Chongqing, na ile nundu moja. Nilimwonyesha kamshafti. Akaishika, akaigeuza, akacheka, akasema, "Kweli ni akili hii." Halafu akaniuliza, "Lakini mjomba, wewe kompyuta yako waifungua?"

Nilitaka kumjibu, nikakumbuka simu iliyokuwa mezani mbele yangu, ambayo betri yake siwezi kuitoa.

Alichukua ya umeme Jumatatu. Sikumzuia, na ningekuwa na watoto wake ningefanya hivyo hivyo. Bwana wa vyuma chakavu alipiga simu mara mbili, mara ya pili akapandisha hadi elfu kumi. Nimemwambia haiuzwi. Silinda imechakaa kidogo, pete za pistoni zimekwisha, kamshafti haina alama hata ya ukucha. Fundi ameshaniagizia pete na gasketi, na hakuuliza ni za chapa gani.